Dereva Asiyerudi Nyuma

Nimeuza chai kwenye Kona ya Kengele miaka ishirini na miwili, na kwa muda wote huo sijaona kiumbe mjinga kumshinda mtu aliyeshika usukani. Mchukue binadamu mwenye akili zake, mpe gari, mwingize kwenye njia yetu ya sokoni, na kabla hajafika duka la vitambaa atakuwa ameshamtukana mama wa mtu asiyemjua. Njia yenyewe ilichongwa mlimani kwa ajili ya farasi na wapagazi. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande wa pili ni mtaro usio na kifuniko, na gari likipita huwezi kuingiza kiganja katikati. Vioo vya pembeni hukunjwa pale kwenye hekalu dogo la mungu wetu Golu, chini ya kengele. Asiyekunja anaviacha hapohapo. Nina kapu zima la vioo vilivyovunjika chini ya meza yangu, na mwenyewe akija kuuliza namwambia achague.

Wabaya zaidi ni watu wa bondeni, wanaotupandia huku kila jua linapowakaanga kwao. Wanakwama, wanashuka, wanapiga picha gari lao likiwa limekwama, halafu wananiuliza kama kuna njia nyingine.

"Ipo," nawaambia. "Ileile mliyojia."

Lakini hao ni wageni, na ujinga wa mgeni unaondoka naye. Dharau yangu yenyewe, ile niliyoitunza vizuri, nilimwekea mtu wa hapahapa, Kharak Singh.

Kharak alizaliwa kijiji cha ng'ambo ya mto, mtoto wa tano wa mkulima wa viazi, na viazi hivyohivyo ndivyo vilivyomfundisha kuendesha, kwani alianza na malori ya mazao hata ndevu hazijamtoka. Baadaye akapata teksi yake, gari la viti tisa ambalo huku kwetu hupakia kumi na tatu, akaingia foleni moja ya stendi na marehemu mume wangu, Diwan. Diwan alimzidi miaka miwili, kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake, na ulikuwa ushemeji wa kweli. Hakupita dukani kwangu bila kutoa kichwa dirishani.

"Shemeji, hii chai ina majani leo, au umeyaonyesha maji picha ya majani?"

"Kanywe ya mkeo, tuone kama utafika jioni!"

Diwan alipokufa, mapafu yalimmaliza, Kharak ndiye aliyebeba machela mbele upande wa kulia kutoka mlangoni kwetu mpaka mtoni, kwenye kuni za mazishi, hakukubali kupokewa. Hilo silikatai. Nalitaja ili ujue nilikuwa na sababu ya kutarajia heshima kwake.

Mwaka uliofuata ndio tunaouita mwaka wa theluji kubwa, na Kharak alitoweka miezi minne. Mkewe Saruli alisema kaenda Delhi kwa wanawe. Alinitazama usoni akaniambia hivyo, na mkono wake ukiwa ndani ya kopo langu la biskuti. Majira ya maua gari la Kharak likaonekana tena, na mwenyewe ndani yake na skafu ya hariri shingoni, ya zambarau, imefungwa mpaka chini ya kidevu. Nikaweka birika chini, nikatoka mlangoni, nikaunganisha viganja.

"Karibu, shemeji! Delhi imekutema?"

Akapita. Dirisha lake lilikuwa wazi, ningeweza kumgusa bega, naye alitazama mbele tu. Hakutikisa kichwa wala hakufungua mdomo. Nilidhani hakusikia, na kesho yake nikamsalimu tena. Nilimsalimu siku tisa, mimi mjane niliyemfulia shati na kumlisha wali, nikisimama mlangoni kama ombaomba wa salamu. Siku ya kumi nikatema mate. Iliniuma, nasema wazi. Mume wangu hayupo, na sasa hata waliokuwa wakimheshimu wameona mkewe hana haja ya kusalimiwa.

Miaka sita nikawa natema.

Na halikuwa suala la salamu peke yake. Sheria ya milima yetu kila mtu anaijua: anayepanda ana haki ya njia, anayeshuka ndiye anayepiga rivasi. Kharak aliporudi kutoka hiyo Delhi yake, akawa anapita sokoni wakati wa kupanda tu. Kushuka alizunguka barabara ya malori nyuma ya mlima, nusu saa nzima zaidi, na abiria wakinung'unika humo ndani. Mji mzima ulielewa kwa nini. Bwana mkubwa hataki kumpisha mtu. Afadhali auzunguke mlima kuliko kurudi nyuma hatua tano!

Na akipanda, mungu akuepushe usikutane naye. Wenzake, hata wakiwa na haki, walikuwa wakimpisha muuza maziwa, au walimu waliochelewa shule, au gari lenye mgonjwa. Kharak alikuwa anasimama pua kwa pua, anazima injini, anakunja mikono na kutazama mbele kama anayesubiri picha yake ichorwe. Hatimaye yule mwingine alirudi, akitukana. Mimi ndiye niliyempachika jina la Maharaja wa Skafu. Nililisema asubuhi kwa mteja mmoja na jioni nikaletewa na watoto wa mtaa wa chini, kwa hiyo halikukawia.

Sasa nije kwenye arusi ya binti yangu, Chandra.

Kwetu gari linalomtoa bibi harusi kwao halirudi nyuma. Likirudi, hata shubiri moja, basi na yeye atarudi. Binti wa muuza halwa, Bhagwati, gari lake lilirudishwa hatua tatu kwa sababu ya lori la mitungi ya gesi, na kabla ya mvua za pili alikuwa kwao tena na sanduku lake la bati. Mumewe alikuwa mlevi kabla ya lori na mlevi baada ya lori, lakini nani anamtaja mumewe? Watu wanataja lori. Sisemi kwamba ninaamini sana. Ila sikuzaa binti ili mji mzima umjaribie jambo hilo, na zaidi kwa kuwa bwana harusi alikuwa na shangazi, Shobhavati, mwanamke mwenye pua ya kunusa mikosi. Huyo alikuwa amekwisha kusema mbele ya wageni kwamba taa yetu ya ibada ilizimika mara mbili. Ilizimika kwa sababu yeye alikuwa anajipepea karibu nayo.

Kwa hiyo nilijipanga. Siku hiyo, mapema, nilimpelekea askari wa filimbi anayesimama kule chini njia inapoanzia sinia la peremende za maziwa, nikamwomba ashike magari yote mpaka bibi harusi ashuke. Akasema, "Mama, hata nzi hapandi." Na ni mimi mpumbavu niliyempa zile peremende mapema. Aliondoka nazo akazile kivulini.

Katikati ya asubuhi Chandra alitoka, shela lake la manjano lenye madoa mekundu limemfunika mpaka kifuani, akatupa mchele nyuma juu ya bega bila kugeuka, kama inavyopasa, akaingia garini. Wapiga ngoma walitangulia, magari matatu yakafuata. Mama hafuati msafara. Mama anabaki mlangoni na mchele kwenye nywele. Nikabaki. Nikasikiliza ngoma zikishuka, zikapita duka la vitambaa, zikapita hekalu, kisha zikakata.

Ngoma za arusi hazikati njiani. Nilishuka mbio bila viatu.

Pale konani, mbele ya duka langu mwenyewe lililofungwa, gari la Chandra lenye maua ya machungwa lilikuwa linatazamana na teksi ya Kharak Singh. Kati ya pua zao hapangepita paka. Nyuma ya Chandra yamebanana magari mawili ya kwa bwana harusi. Nyuma ya Kharak hapakuwa na gari jingine, hatua thelathini mpaka kwenye bomba la maji, ambapo ukuta umeingia ndani na gari linaweza kujibanza. Hatua thelathini za mteremko! Angeachia breki tu.

"Mzee, rudi, ni bibi harusi!" dereva wa arusi alikuwa anapiga kelele.

"Napanda," Kharak alisema.

"Nimeona unapanda, mimi si kipofu! Nimekwambia ni bibi harusi!"

"Napanda."

Injini imezimwa. Mikono imekunjwa. Ndani ya teksi yake kulikuwa na mume na mke wa bondeni wenye kamera, na yule mke alinishika nguo nilipopita akaniuliza kwa furaha, "Na hii sehemu ya sherehe huwa inachukua muda gani?"

Shangazi Shobhavati alikuwa amekwisha kutoa kichwa kwenye gari la pili.

"Dereva!" alimwita dereva wetu. "Hilo gari likirudi hata kidole, msichana huyu mimi simpokei mlangoni. Msije mkasema sikusema!"

Watu wa madukani walikuwa wametoka wote. Wengine wamepanda kwenye kingo za mtaro wapate kuona vizuri. Mji wetu hauna sinema siku hizi, kwa hiyo shida ya mtu ndiyo burudani. Nikamwona Chandra nyuma ya kioo. Alikuwa ameinua shela, wanja umemtiririka mpaka shavuni, na ananitazama mimi, si yule Kharak, kana kwamba mimi ndiye mwenye njia.

Nilikwenda dirishani kwa Kharak. Yote niliyoyaweka miaka sita yalitoka.

"Ewe Kharak Singh! Mbwa akimwona bibi harusi anapisha, wewe nani? Ulimbeba Diwan begani ukalia mbele za watu, leo binti yake huyu hapa, damu yake, unamzibia njia? Nitazame ninaposema nawe!"

Alitazama mbele. Niliona jasho likimtoka kwenye nywele, nikafurahi.

"Nimesema nitazame! Sina hadhi ya kutazamwa? Hiyo skafu ndiyo inayokuzuia?"

Nikaikamata ile skafu ya hariri kwa mkono mzima, nikaivuta ili uso wake uje kwangu.

Kichwa hakikuja. Mwili mzima ulikuja, mabega na kiuno, kama mtu anayevutwa akiwa amefungwa kwenye ubao, na kutoka kwake ikatoka sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume mzima. Skafu ikalegea. Chini yake kulikuwa na mshono unaoanza kisogoni na kuzama ndani ya shati, nyama imejikunja kama gunia lililoshonwa na mlevi.

"Usivute, shemeji," alisema, taratibu sana. "Shingo haigeuki."

Honi zilikuwa zinalia mbele na nyuma. Hakuna aliyetusikia.

"Tangu lini?"

"Theluji ile. Niliteleza paani nikifagia. Wakanitia vyuma."

"Saruli alisema Delhi."

"Nilimwambia aseme. Chama cha madereva kikijua, wananitoa kwenye foleni. Barabara kubwa naendesha vizuri, kwa vioo. Hapa vioo vimekunjwa. Nyuma sioni kitu, shemeji. Nikiachia breki naua mtu."

Nilisimama na skafu mkononi. Ningetaka kusema kwamba nilimhurumia, ila ningekuwa naongopa. Nilichokuwa nacho bado ni hasira, na sasa haikuwa na mahali pa kukaa.

"Na mdomo je? Mdomo nao waliutia vyuma? Siku tisa nakusalimu!"

"Ningekujibu bila kugeuka ungejua siku hiyohiyo," alisema. "Wewe una macho. Na ukishajua wewe, mji umejua."

Nilimfunga ile skafu, nikaikaza mpaka chini ya kidevu kama alivyokuwa anaifunga mwenyewe. Nikamnong'oneza, "Weka mguu kwenye breki. Sikiliza sauti yangu tu." Kisha nikajitokeza katikati ya njia na kupaza sauti iliyonipa jina katika mji huu.

"Mmesikia? Maharaja anasema hamjui mtu wa kumrudisha nyuma! Leo atamjua! Nyie wenye kamera, shukeni, mtapiga picha kwa miguu! Wewe wa skuta, toa hilo dude lako njiani! Muuza mboga, ondoa mkokoteni, hizo kabichi zako hazina haraka, zimekaa wiki!"

Nikashuka mpaka nyuma ya teksi, nikasimama hatua kumi chini yake, nikatazama magurudumu yake na mtaro.

"Haya, mpumbavu! Achia! Polepole, polepole, si viazi hivyo!"

Gari likaanza kushuka kinyumenyume. Watu wakapiga yowe.

"Ukutani! Sogea ukutani, ukuta haukuumi! Zaidi! Umeogopa kuchubua rangi, rangi yenyewe iko wapi? Basi! Basi, nyoosha! Nyoosha usukani, kichwa maji!"

Aliunyoosha. Gurudumu la nyuma lilikuwa kidole kimoja kutoka ukingo wa mtaro.

"Simama! Simama, punda! Unataka kwenda kuoga? Rudi ukutani kidogo. Kidogo, nimesema, hujui kidogo? Ndicho chakula unachompa mkeo!"

Hapo kicheko kilipasuka kutoka hekaluni mpaka bombani. Muuza halwa alikuwa anajifuta machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu kama ningekosea neno moja lile gari lingeniangukia, na yeye alikuwa anateremka gizani mchana kweupe, hana kitu cha kushika isipokuwa matusi yangu.

"Njoo! Njoo! Kwenye kona kunja kulia, kulia kwako, mkono wa kulia wali! Kunja yote! Yote! Haya, simama. Simama hapo, na ukisogea nakuchoma."

Teksi ilikuwa imejibanza kwenye bomba la maji, salama.

Gari la Chandra likashuka. Halikuwa limerudi hata upana wa punje ya mchele. Ngoma zikaanza upya, shangazi Shobhavati akapita na pua yake bila kupata cha kunusa, na mwanangu akabandika kiganja kwenye kioo aliponipita. Ndipo nikalia, kama mama mwingine yeyote.

Askari wa filimbi akatokea, peremende imembaki kwenye masharubu, akaanza kuongoza magari.

Mchana wote watu walikuwa wananijia kunipongeza. Nimemnyoosha Maharaja! Miaka sita hakuna aliyemrudisha, na mimi nimemrudisha kwa mdomo mtupu! Mzee mmoja wa chama cha madereva akasema afadhali, ilibidi apatikane wa kumshusha kiburi. Niliwatazama wakicheka, watu waliompisha miaka sita na kumtukana miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu anauzunguka mlima mzima. Wajinga watupu. Kisha nikakumbuka jina la Maharaja lilitoka kwenye duka gani, nikaosha vikombe.

Kesho yake nilifungua duka kama kawaida. Saa nne nikasikia honi yake bombani. Miaka sita nilikuwa nikisimama mlangoni, kando ya njia, kusubiri uso wake ugeuke. Safari hii niliweka birika chini, nikatoka mpaka katikati ya njia, mbele ya boneti yake, nikaunganisha viganja.

Breki zikalia. Nyuma yake magari mawili ya watu wa bondeni yakaanza kupiga kelele.

"Utagongwa, shemeji," Kharak Singh alisema kupitia kioo cha mbele, akinitazama machoni.

"Gonga, kama unajua kulenga. Chai?"

"Ina majani leo?"

Nikageuka kwenda kumletea. Kutoka mlangoni kwangu mpaka pale niliposimama ni hatua mbili, nilizihesabu nikirudi.